Ugonjwa Niliotoka Nao Kizuizini

Nilipoachiliwa, ukoo mzima ulikuja nyumbani kwetu na kondoo wakachinjwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Wanawake walipiga vigelegele, ami zangu walinipiga picha, na mimi nilitabasamu kwa sababu nilijua ndicho walichokuja kukiona. Halafu mtu fulani jikoni akaangusha sinia la chuma. Nilipojitambua nilikuwa nimejikunja nyuma ya kabati la vyombo, nguo imelowa, na Mama amesimama mbele yangu anawafukuza watoto waliokuja kuchungulia.

"Amechoka tu," aliwaambia wageni. "Ametoka mbali."

Siku hiyo kila mtu aliamini jambo limekwisha. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuugua, na hakuna aliyelijua hilo, hata mimi mwenyewe. Ningekuwa nimevunjika mguu wangeniletea magongo. Naandika kwa ajili ya mama ambaye mwanawe amerudi, watu wameshakula wakaondoka, na sasa yeye amebaki peke yake na mtoto asiyemtambua. Mama yangu hakuwa na mtu wa kumwambia lolote. Wewe utakuwa na haya.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama ni mtu wa Mombasa, na kwa sababu nitakayoieleza mbele: ndiyo lugha ya kwanza niliyoweza kuyasemea mambo haya. Mama alikuwa muuguzi Jeddah alipokutana na Baba, Mpalestina aliyekuwa mhasibu wa kampuni ya ujenzi. Walioana, wakaenda kuishi kijijini kwa Baba, Ukingo wa Magharibi. Nilipoanza shule Baba akarudi Saudia, safari hii Riyadh, maana kazi ilikuwa huko. Akawa baba wa likizo na wa simu. Nyumbani Mama alinisemesha Kiswahili, nikitoka mlangoni ni Kiarabu.

Walinichukua asubuhi, nimevaa sare ya shule. Njia yetu ilipita kwenye kizuizi cha jeshi, na siku hiyo kuna watu waliokuwa wamerusha mawe. Hapa ndipo watu huniuliza: ulirusha au hukurusha? Zamani nilikuwa najibu, tena kwa kiapo. Siku hizi sijibu. Anayeuliza hivyo anataka kwanza ajue kama nilistahili, ndipo aamue anionee huruma kiasi gani. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Walinifunga mikono kwa kamba ya plastiki mpaka vidole vikabadilika rangi, wakanifunika macho, wakanilaza kwenye sakafu ya gari, na askari mmoja akaweka buti lake mgongoni mwangu kama mtu anayepumzisha mguu. Hakuna jibu la swali lile linaloweza kulifanya hilo liwe sawa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na baridi kali. Mama hakuwepo, wakili hakuwepo. Aliyenihoji alizungumza Kiarabu kizuri kuliko mwalimu wangu. Aliniambia mama yangu ni mgeni, Mwafrika, na kwamba kwa neno lake moja tu atapandishwa ndege na sitamwona tena. Kisha akaniwekea karatasi ya Kiebrania, lugha nisiyoisoma, akanionyesha pa kutia sahihi. Nilitia sahihi nikiwa na mkono nisiouhisi.

Sitaeleza yote ya miezi iliyofuata. Nitaeleza jambo moja tu, la mahakama ya kijeshi. Mimi na wasichana wengine tuliletwa na pingu za miguu, wazazi wameketi nyuma kabisa, na ilikatazwa kuzungumza nao. Kila mama aliyefungua mdomo alitishwa kutolewa nje. Mama akasimama, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeita jirani dirishani:

"Rima! Wakupa chakula? Waumwa wapi?"

Askari wakatazamana. Mkalimani akatazama karatasi zake. Hakuna aliyejua ile ni lugha gani, na kwa muda ambao walikuwa wanaulizana, mimi nikamjibu: "Mkono, Mama. Kidole gumba hakisikii." Ndipo wakamtoa. Alitoka kichwa juu, akijifunga ushungi wake upya kama anayetoka arusini.

Basi, nikarudi, na ugonjwa ukaanza kazi yake.

Kwanza ilikuwa choo. Sikuweza kufunga mlango wa choo. Mama alikaa kwenye ngazi akilinda mlango ulio wazi, huku anamenya viazi, ili mtu akipita aone ni mama anayefanya shughuli zake. Halafu nikaanza kukojoa kitandani. Msichana mkubwa. Godoro lilianikwa juu ya paa na Bibi alilifunika shuka ili majirani wasilione, jambo ambalo liliwafanya majirani wote walitazame. Hedhi ilikoma. Nywele zikaanza kutoka kwa mabaka ya duara, kama sarafu, nyuma ya sikio, kisha utosini. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilibaki kama cha mtu mwingine kilichoshonewa kwangu. Vikombe vilinidondoka, na kila kilipovunjika nilisubiri nipigwe.

Shuleni walinipa kiti cha mbele, kwa heshima. Nilihitaji kiti cha nyuma, karibu na mlango, lakini unawaambiaje watu wanaokuita shujaa kwamba huwezi kukaa na mgongo wako wazi? Neno hilo shujaa lilinitesa. Shujaa haloweshi godoro. Kila waliponiita hivyo nilijiona mwongo, nikazidi kunyamaza.

Baba akaamua tumfuate Riyadh. Mama aliniambia tukiwa tunafunga mizigo, "Huko hakuna jeshi, mwanangu. Utalala." Nami nilimwamini.

Tulifika mwanzo wa kiangazi, Riyadh ikiwa imefungwa kwa joto, madirisha hayafunguliwi, kiyoyozi kinanguruma kutwa. Nilikuwa salama, na nikaugua zaidi. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu liliwachanganya wazazi wangu hadi karibu waachane. Mwili wangu ulikuwa umejizuia miezi yote ile. Ulipoona pametulia ukaachia kila kitu kwa mpigo. Nilitetemeka mbele ya chakula. Nilitapika nikisikia funguo. Mlango wa lifti ya jengo letu ulipojifunga mara ya kwanza nilimng'ata Baba mkono, nikijaribu kutoka.

Baba alikuwa mtu mpole na mwoga, na nasema hivyo nikimpenda. Ikama yetu, kibali cha kuishi Saudia, ilikuwa chini ya kafili wake, yaani mwajiri aliyetudhamini kukaa nchini, na Baba aliogopa kwamba neno jela likisikika, hata jela ya kule, tutaonekana watu wa matatizo. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitaja, ila niliisoma usoni mwake kila wageni walipokuja. Nilikuwa msichana niliyeshikwa na askari wanaume, nikalala kwao. Watu wangeuliza walinifanya nini. Wangeuliza wakiwa kimya, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Ana upungufu wa damu," alikuwa akiwaambia. Basi nikapelekewa maini na juisi ya komamanga na wake wa wafanyakazi wenzake, na nilikula maini mpaka nikayachukia.

Ni Mama aliyeshinda ule ubishi wa daktari. Kliniki ilikuwa Olaya, kwenye jengo la vioo, ghorofa ya juu. Lifti sikuiweza, kwa hiyo tulipanda ngazi, mimi na Mama, yeye na magoti yake yanayouma. Tukifika anaketi, anavua viatu, anajipepea kwa kitambulisho cha wagonjwa, na katibu wa kliniki anatutazama kama watu waliokosea anwani.

Daktari Ihsan alikuwa mwanamke wa Sudan, mnene, mwenye sauti nzito. Siku ya kwanza alimwambia Baba asubiri nje.

"Mimi ni baba yake," Baba alisema.

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Baba hakutoka. Nami sikusema neno. Daktari akaandika dawa, akasema tu kwamba huu ni ugonjwa, una jina, watu huupata, na watu huishi nao wakapata nafuu. Hakusema nitapona. Nilimheshimu kwa hilo baadaye. Siku ile nilimchukia.

Dawa ya kwanza ilinikausha mdomo na kunifanya nilale kama gunia. Niliimeza majira yote ya vumbi. Nikanenepa, sare za shule zikakataa kufunga, mabaka ya kichwani yakaungana. Dawa ya pili tulianza karibu na Ramadhani, na hiyo ilinipa usingizi bila kuniibia mchana, lakini mikono ilitetemeka nikimimina uji wa futari. Mama akachukua jagi. Baba akasema, "Mwache amimine. Mtamlemaza." Mama akaliweka jagi chini taratibu, akamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo Baba haisemi ila anaielewa zaidi ya anavyokiri, "Wewe hukuwepo." Hatukula pamoja tena mwezi ule.

Sasa nieleze habari ya Nekesa. Alikuwa mfanyakazi wa usafi wa jengo lile la Olaya, mtu wa Bungoma, umri kama wa dada mkubwa. Mara nyingi tulimpita kwenye ngazi na ndoo yake. Siku moja Mama alikuwa ndani anazungumza na daktari, mimi nimebaki kwenye ngazi kwa sababu chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa na mlango wake umefungwa. Nilikuwa najisemesha peke yangu, maneno niliyokuwa nikijisemesha kule kizuizini: haya, Rima, pumua, haya, pumua tena.

Akaacha kudeki. "Wewe! Unaongea Kiswahili?"

"Mama yangu ni wa Mombasa."

"Wacha! Na venye nimekuwa nikikuona nikidhani ni Mwarabu kabisa." Akaketi ngazi moja chini yangu, akaweka glavu zake kando. "Sasa unaumwa nini, dada? Kila wiki mko hapa, na hizi ngazi zote."

Na mimi nikamwambia. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu maneno ya Kiarabu ya mambo yale yalikuwa maneno ya mtu aliyenihoji, na ya Kiswahili yalikuwa ya Mama tu, hayajaguswa. Nilisema, "Jeshi lilinifunga nikiwa mtoto. Sasa siwezi kukaa mahali palipofungwa."

Hakushika mdomo. Hakuniita shujaa. Alifikiri kidogo, akauliza, "Na walikuwa wanawapea nini mkule?"

Tangu nitoke hakuna aliyewahi kuniuliza jambo la kawaida. Nikamweleza: mkate, mtindi, mchele uliokuwa nusu mbichi, na jinsi wasichana wakubwa walivyotupikia wadogo kwa vitu walivyonunua duka la gereza, na jinsi mmoja wao alivyonifundisha kujifunga nywele kwa mkono mmoja. Nilipofika hapo nikalia. Nekesa akaniacha nilie. Akasema, "Lia tu. Mimi niko. Supervisor akikuja nitamwambia nangoja sakafu ikauke."

Wiki iliyofuata niliingia kwa Daktari Ihsan nikamgeukia Baba nikasema, "Subiri nje." Nilisema kwa Kiarabu, ili kusiwe na shaka. Alitoka.

Ningependa kusema kuanzia hapo nilipanda tu. Hapana. Kuzungumza kulifungua mambo, na majira ya baridi yale yalikuwa mabaya kuliko yote. Baridi ya Riyadh ni kavu, inaingia kwenye mifupa, na ilikuwa baridi ileile ya chumba kile. Niliacha shule. Niliacha kuoga, kwa sababu ya mlango. Kuna siku Baba alinikuta nimekaa jikoni na mkasi, na kilio alichotoa sijakisahau. Alidhani nataka kujidhuru. Nilikuwa nakata nywele zilizobaki. Nilikuwa nimechoka kuamka na kuzikuta kwenye mto wa kulalia, kuzihesabu kama maiti. Nikamwambia, "Kama zitaondoka, nitaziondoa mimi." Mama akaja na mashine ya kunyolea ya Baba akamalizia, vizuri, mstari kwa mstari, anaimba chinichini. Kichwa changu kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Niliupenda ule upara. Ulikuwa wangu.

Baba hakuweza kuuona. Aliniomba nivae ushungi hata ndani, hata tukiwa wenyewe. Mama akasema basi, halas, akapanga mabegi. Tukaenda Jeddah kwa mama mdogo Salma, nduguye Mama aliyeolewa huko zamani na mfanyabiashara wa vitambaa. Baba alitupeleka uwanja wa ndege, akatubebea mizigo mpaka pale walipomkataza.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa Balad, nyuma ya soko, moja ya nyumba zile za mawe ya matumbawe ambazo bado watu wanaishi. Hakuna mlango uliofungika sawasawa. Unyevu umevimbisha mbao zote. Kwa mgonjwa kama mimi hiyo ilikuwa tiba ambayo hakuna daktari angeiandika. Hewa ilikuwa nzito, ya chumvi, jasho halikauki. Wachukuzi walipiga kelele chini ya dirisha tangu asubuhi. Nikaanza kulala.

Huko ndiko nilikotibiwa mkono. Miaka ilikuwa imepita, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamama wa Kimisri asiye na masihara, alisema mshipa wa fahamu uliminywa muda mrefu na hautarudi wote. Alinitumbukiza mkono kwenye nta ya moto, akaukanda, akanipa kazi ya kuokota dengu moja moja. Chumba chake cha kusubiri kilijaa wanawake waliopooza nusu na mafundi cherehani waliojikata, na pale sikuwa tofauti na mtu yeyote: mkono mbovu kati ya mikono mibovu. Nyumbani mama mdogo alinikabidhi unga. "Kanda. Chapati zikiwa ngumu tutakula hivyohivyo." Zilikuwa ngumu majira yote ya joto, na mume wake alizila kwa adabu akizichovya kwenye chai.

Baba alikuja Idi ile. Alikuwa amekonda. Siku ya pili tulialikwa chakula cha mchana kwa familia ya Kipalestina iliyokuwa inafahamiana naye, wanawake chumba kimoja na wanaume chumba cha pili, pazia katikati limesogezwa kwa sababu ya watoto. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota, fupi, na kishungi kiliteleza. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo aliyeitwa Umm Sami, akaona.

"Maskini. Uliumwa?"

Kutoka ng'ambo ya pazia nikamsikia Baba, ambaye alikuwa amesikia swali, akianza kujibu kwa niaba yangu: "Alikuwa na upungufu wa..."

"Hapana," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Jeshi lilinikamata nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikaa ndani miezi mingi. Nimekuwa mgonjwa tangu hapo. Nywele zilitoka kwa ajili hiyo, na mkono wangu huu. Sina aibu nalo. Mwenye kuona aibu awe yule aliyenifunga."

Mtu akaweka kijiko. Nilikuwa natetemeka mwili mzima na sikujaribu kuficha. Nilikuwa nimeshafichwa vya kutosha.

Mama akachukua sahani yangu akaniongezea wali, kama vile nimeomba chumvi.

Umm Sami alinifuata nilipokwenda kunawa. Alifunga bomba ili tusikilizane, kisha akalifungua tena ili wengine wasitusikie. "Mwanangu Sami," alisema. "Tulimleta hapa mwaka jana kutoka kwa bibi yake. Naye pia alikuwa amefungwa kule. Analala na viatu. Nikimwambia avue ananitazama kama adui. Baba yake anasema ni ukaidi wa ujana." Akanishika mkono, ule mzima, kwa bahati. "Wewe ulilala na viatu?"

"Mimi nilikuwa nakojoa kitandani," nilimwambia.

Akanikumbatia, akalia kwenye bega langu, mwanamke wa umri wa mama yangu, na maji yanamwagika bure.

Tuliporudi garini Baba hakuwasha. Mama alikuwa bado anaaga. Jua limetua kwenye kioo cha mbele na joto linatupika.

"Umenivunjia heshima," alisema hatimaye, lakini bila nguvu, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa na mwingine.

"Hapana, Baba. Nimechoka kukusikia ukisema uongo juu yangu."

Akashika usukani. "Yule wakili wako wa kesi alinipigia simu," alisema. "Kule. Alisema ukikana, utakaa ndani ukingoja kesi, na huenda kungoja kukazidi kifungo chenyewe. Aliniuliza mimi. Nikasema ukiri. Mimi ndiye niliyesema ukiri."

"Najua."

Akageuka. "Unajua?"

"Mama aliniambia zamani."

"Na hukuwahi kuniuliza."

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Baba yangu alilaza paji la uso kwenye usukani. Nilitaka kumwambia nimemsamehe, na haikuwa kweli bado, kwa hiyo sikusema. Nilimwambia lililokuwa kweli: kwamba waliomweka baba mahali pa kuchagua hivyo, akiwa nchi nyingine, kwa simu, ndio wenye deni lile. Nilimwekea mkono mgongoni, na tukakaa hivyo mpaka Mama akafungua mlango akauliza kwa nini tunajioka.

Sami nilikutana naye baada ya wiki chache, sebuleni kwao, mama zetu wote wawili wamekaa papo hapo. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye hasira. Sikumwambia avue viatu. Nilimuuliza walikuwa wanawapa nini kula. Akanitazama. "Mchele," alisema. "Mbichi." Tukacheka wote wawili, mama zetu wakashtuka. Baada yake akaja binti wa mtu mwingine, kisha ndugu wawili. Hatuna jina wala kiongozi. Tunakutana, tunakula, anayetaka kusema anasema, mlango unabaki wazi, na hakuna anayeruhusiwa kumwita mwenzake shujaa au maskini.

Niko hivi sasa: nina miaka ishirini na tatu. Nilimaliza shule nikiwa nimechelewa, nasomea tiba ya mazoezi ya viungo, na yule mwanamama wa Kimisri ananikaripia vilevile. Nywele zimerudi, isipokuwa baka moja nyuma ya sikio ambalo limeota mvi. Kidole gumba bado ni cha mtu mwingine. Nikiwa Riyadh kumwona Daktari Ihsan napanda metro mpaka Olaya, na milango inapojifunga moyo unapiga mbio, nami nauacha upige. Dawa bado nameza, nusu ya ile ya zamani. Kuna miezi mizima nalala vizuri, halafu harufu ya dizeli tu inanirudisha kwenye sakafu ya lile gari, na Mama hupikia watu wote nyumbani uji kana kwamba sote ni wagonjwa. Nekesa amerudi Kenya. Amefungua saluni, na huniuliza kwa simu kama nywele zimefika mabegani.

Walitaka nitoke kule nikiwa mtoto anayenyamaza. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya chumba kile, zaidi ya karatasi ile ya sahihi. Basi kila ninaposema, hata nikitetemeka, hata nikiwa nimelowa, wameshindwa.

Majira haya ya baridi, baada ya alasiri, tulikuwa kwa Baba Riyadh simu yake ikalia. Ilikuwa kutoka kijijini, mke wa binamu yake. Baba alisikiliza amesimama. Nikaona uso wake ukibadilika, nikajua. Zamani angetoka na simu mpaka koridoni. Safari hii alininyooshea.

"Ni mwana wao mdogo," alisema. "Walimchukua tangu kiangazi. Wamemwachia leo. Wanakutaka wewe."

Nikaipokea. Mwanamke alikuwa analia, nyuma yake nasikia nyumba imejaa watu.

"Rima, amekuja, alhamdulillahi amekuja, lakini hataki kuingia ndani. Wajomba zake wanamvuta. Nimfanye nini?"

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Amesimama mlangoni."

"Waambie wamwachie mkono," nilisema. "Mpelekee kiti pale pale mlangoni. Na chukua kingine, ukae naye."